Kiti Kisicho na Baruti

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA TOLLIVER, KANSAS
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nadine Hedlund
Umri: Miaka 64
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mpishi mstaafu wa shule
Makazi: Nyumba ya mwisho kabla ya kiwanja kidogo cha ndege

Yamechukuliwa Jumatatu, tarehe 16 Juni 2014, na Sajenti Coy Brandvold.

Mimi ni mke wa marehemu Verlin Hedlund. Hilo neno marehemu ndiyo kwanza nalitamka, kwa hiyo afande univumilie. Sikuitwa hapa, nimejileta. Jana kanisani watu walinishika mkono huku wakinong'onezana kwamba Verlin alijiua, eti wavunaji wa ngano walimwona akiinua pua ya ndege badala ya kutua shambani. Kuona waliona. Ila hawajui walichokiona.

Verlin alirusha ndege za jeshi ujanani. Uzeeni akanunua ndege ya kivita iliyostaafu kama yeye, ya mafunzo, iliyotengenezwa Chekoslovakia. Nikamwambia, "Mzee, umeniletea mke mwenza." Akasema, "Huyu angalau hanuni." Wenzake wanazo pia ndege kama hizo, lakini wanazipangusa vumbi na kupigia picha tu, na sasa najua kwa nini. Kwa saa moja inakunywa mafuta ya gari langu ya miezi mitatu. Spea ni za kusubiri mpaka usahau uliagiza nini. Watu wa bima wakisikia jina lake wanakata simu. Hayo yote Verlin aliyameza. Lililomshinda ni kiti.

Ndege hiyo ina kiti chenye baruti chini yake. Ukivuta mpini, kinakurusha nje pamoja na parachuti. Baruti hizo huisha muda wake, na raia kupata mpya ni mbinde. Za Verlin zilipoisha muda, fundi wake, Orval Tschetter, alizitoa. Kikabaki kiti tu, kama hiki nilichokalia.

Sasa jeshini, kabla ya kuruka, rubani huchomoa pini za usalama za kiti na kuziinua juu, mtu wa chini azione. Maana yake kiti kiko tayari kumrusha. Verlin hakuiacha desturi hiyo hata baada ya baruti kutolewa. Yeye anainua pini, mimi chini namwonyesha dole gumba. Orval ilimkera sana. Alimwambia, "Acha mchezo huo, bwana. Unaufundisha mkono wako uongo." Verlin akamjibu, "Mkono huu una adabu kukushinda wewe." Nami nikaingilia kati, "Shemeji, mwache mzee na sala zake." Tukacheka wote, hata Orval.

Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, saa tatu asubuhi, Verlin alipanda ndege akiwa peke yake. Mchana alikuwa amemwahidi dada yangu kwenda kumwendeshea mashine ya kuvunia. Kabla ya kufunga kioo aliniuliza chakula cha mchana ni nini. Nikamwambia ni kile atakachokikuta. Jamani, mtu anayekwenda kufa anauliza chakula cha mchana? Akainua pini zake. Nami nikamwonyesha dole gumba, hili hili.

Nilibaki mlangoni mwa banda na redio ya mkono. Alipokuwa anarudi, juu ya mashamba ya magharibi, mlio ulikatika. Akasema kwa sauti iliyotulia, "Nadine, injini imezima. Nimejaribu, haiwaki." Mbele yake kulikuwa na shamba lililokwisha kuvunwa, tambarare tupu. Orval anasema angeilaza ndege kwa tumbo pale, ikaharibika, mwenyewe akatoka anachechemea. Lakini jeshini walimfundisha mengine: injini ikizima ukiwa unaruka chini chini, inua pua upate kimo, kisha vuta mpini. Akainua pua. Hicho ndicho wavunaji walichokiona, afande. Walimwona mtu anajiokoa.

Nikaelewa palepale. Mzee wangu alikuwa amesahau kwamba kiti kile hakina kitu.

Akasema, "Natoka. Njoo na gari."

Umeniuliza kwa nini sikumwambia ukweli. Ndege ilikuwa imeshaishiwa mwendo, naiona kwa macho yangu imening'inia pale juu, shamba limeshampita. Ningemwambia ukweli aufanyie nini? Mpini mmeukuta umevutwa mpaka mwisho. Aliyechoka kuishi hauvuti.

Nilibonyeza redio nikasema, "Nakuja, baba. Nimeshawasha gari."

Akasema, "Haya, mama. Usikimbize."

Sikumsikia tena.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, na naomba yaandikwe yalivyo.

Sahihi ya shahidi: N. Hedlund

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayathibitisha na kutia sahihi. Katika taarifa yangu ya awali niliandika kwamba marehemu aliangusha ndege kwa makusudi. Neno "makusudi" nimelikata kwa kalamu, shahidi akishuhudia.
Sajenti C. Brandvold