Mkalimani au Wakili, Chagua Kiti Kimoja

Jumatano. Mvua tangu alfajiri. Nimeingia mahakamani na tope jekundu la Katubuka kwenye viatu, nimerudi nalo, na hasira juu.

Mteja wangu ni Mama Asende, anaanika na kuuza dagaa Bangwe. Anashtakiwa kwa kununua mashine ya boti ya wizi. Leo alikuwa asomewe shtaka, kisha nimwombee dhamana. Kiswahili chake ni cha kuuzia dagaa, cha kujibia kesi hana. Lugha yake ni Kibembe, kama yangu.

Mkalimani hakuwepo. Karani akanigeukia anacheka: "Dada wakili, si lugha ya kwenu hiyo? Tafsiri basi, tukale!"

Hakimu hakucheka. Akasema anayemtetea mtu hawezi pia kuapishwa awe mdomo wake. Nichague kiti kimoja.

Nikatazama chumba. Hakimu, mwendesha mashtaka, karani, askari watatu, mawakili wanne. Watu kumi wa kazi, anayejua Kibembe ni mimi peke yangu. Benchi la washtakiwa lilikuwa na sita. Wanaokijua, wanne.

Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Na chuo nimekwenda. Ada nimelipa kwa dagaa, ndoo kwa ndoo, sokoni Buzebazeba. Siku yangu ya kwanza kama wakili, askari wa mlangoni aliniambia ndugu wa washtakiwa wanakaa nyuma. Mpaka leo, kwa kuwa ni Mbembe, naulizwa kwetu ni Kongo ipi. Kwetu ni Bangwe, babu yangu kazikwa hapo. Leo ndiyo Ubembe wangu umekuwa na faida: ungeziba pengo la mkalimani.

Nikabaki wakili. Ningetafsiri, angejibu shtaka bila mtu wa kumsemea. Kesi imeahirishwa wiki mbili, yeye karudishwa mahabusu.

Uamuzi ni sahihi. Ningeurudia.

Ila askari walipomshika mkono, Mama Asende aliniita kwa Kibembe, kwa sauti: "Mwanangu, hata wewe unaona aibu kusema lugha yetu humu?"

Upande wetu hakuna mwingine aliyeelewa. Wale wa kwenye benchi walielewa. Wakaangalia chini.

Jioni nimempata mwalimu mstaafu, kakubali kuja kuapishwa atafsiri. Hilo limekwisha.

Kesho asubuhi, kabla ya ofisi, naenda gerezani kumweleza Mama kwa nini sikumtafsiria. Nitamweleza kwa Kibembe, mbele ya askari, na sitapunguza sauti.