Mpunga Kando ya Mto

Jumapili jioni, Golbanti

Nilimkosea mjukuu wangu Rehema leo, nami sina budi kukiri.

Alikuwa ameshika simu ya marehemu bibi yake, akaufungua ule mchezo wa kulima. "Babu, huu umeshafika mwisho. Nianze upya? Lakini shamba la bibi litafutika." Nikampokonya simu.

Mke wangu aliumaliza mchezo ule na kuurudia mara nyingi. Kila mara alipanda mpunga bondeni kabisa, kando ya mto, kama tufanyavyo hapa tukingojea maji ya Tana yapande. Rehema alikuwa akimcheka: "Bibi, mto wa kwenye simu haufuriki!" Mpunga ulikauka, naye akaanza tena.

Mimi nilimkemea. Nilimwambia kwamba kitu kilichokwisha kimekwisha. "Baba Yohana," alinijibu, "mwishoni mwa mchezo yule mzee jirani wa shambani hufa. Nikianza upya namkuta langoni, mzima, ananisalimu." Nilicheka. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Baada ya chai nilimwomba Rehema radhi, nikamrudishia simu, nikamwambia aanze. Shamba la mke wangu likafutika tukitazama. Sijui kama nimetenda vyema. Yule mzee akatokea langoni, akatusalimu, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikawa natazama njia iliyo nyuma yake.

"Tupande nini, babu?"

"Mpunga," nikasema. "Kando ya mto."

Hakunicheka.