Maharage Manne na Benchi la Mlangoni

Maili Moja, Kibaha
3 Juni 2024

Dada yangu Kristina,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Huku tu wazima, ila paka wa jirani kamaliza vifaranga vyangu vitatu. Mgongo wako unaendeleaje? Na wajukuu?

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na kila mjukuu, na ninalouliza ni letu wawili. Unajua nimepata kibarua cha kujumlisha majibu kwenye utafiti wa Daktari Bundala. Anataka kujua ni wanawake wangapi na wanaume wangapi wanaumwa kibofu cha mkojo miezi sita na zaidi, huku mkojo wao ukipimwa unaonekana safi. Wanahesabu nyumba kwa nyumba, huku Kibaha na huko Kisarawe. Majibu ya Soga yametoka, na ya Kwala pia. Wanaume kila mahali ni kama hawapo. Lakini kitongoji chenu kimetoka sifuri tupu. Wanawake mia moja na kumi na nane, hakuna hata mmoja.

Nimekaa na hiyo sifuri siku nzima. Ukija kwangu mimi nakutandikia karibu na mlango wa choo, na najua kwa nini. Dada, wewe ulijibu nini?

Mdogo wako,
Agape


Kisarawe
14 Juni 2024

Mdogo wangu Agape,

Marahaba, na amina. Mgongo haujambo. Barua yako kaileta jirani yako Kidawa pamoja na sabuni, ahsante. Huyo paka mwekeeni pilipili.

Nilijibu "hakuna". Nilidanganya, na nimeshamwomba Mungu msamaha. Lakini sikiliza ilivyokuwa. Dada wa dodoso aliletwa na Mzee Zablon, maana ndiye mwenyekiti wa kitongoji na mgeni hapiti bila yeye. Akaniuliza vizuri tu, "Mama, unasikia maumivu hapa chini ya kitovu?" Na Zablon kasimama palepale na mwavuli wake, ananitazama mdomoni. Kila nyumba alisimama hivyo. Sifuri yenu ndiyo hiyo.

Sasa nikwambie ambalo sijakwambia lote. Miaka saba iliyopita, nilipokuwa natoka ibadani mara tatu mara nne, Zablon alisimama kwenye baraza la wazee wa kanisa akasema ugonjwa huu haumpati mwanamke aliyetulia. Akasema mume wangu yuko kazini Kwala, mimi natibiwa yasiyotibika, wenye akili wajaze wenyewe. Wakanitenga na Meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya usharika. Nitubu nini, Agape? Hospitali nilimeza dawa za UTI mpaka ulimi ukabadilika rangi, na kila kipimo ni safi. Sikutubu. Kwa hiyo sishiriki, siimbi kwaya, na nikifa leo nazikwa bila wimbo.

Hayo ningeyabeba. Lakini baba Helena, siku tatu kabla hajafa, alinishika mkono akaniambia, "Mke wangu, nimeshakusamehe. Niambie tu alikuwa nani." Amekufa akiamini. Hilo sitamsamehe Zablon. Namwomba Mungu kila siku anipe moyo wa kusamehe, na kila siku namwomba asifanye haraka.

Dada yako,
Kristina


Maili Moja
20 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa chini. Sikujua la shemeji. Nisamehe kwa kutouliza.

Nilimwambia Daktari Bundala kwamba mwenyekiti alisimama na mwavuli. Sikukutaja. Akashika kichwa, akasema, "Basi hatukuhesabu wagonjwa, tumehesabu woga." Watarudi mwezi wa nane kwa njia nyingine. Wanawake siku yao, wanaume siku yao, ndani ya darasa la shule. Kila mtu anaingia peke yake nyuma ya pazia, kuna ndoo zenye mfuniko uliotobolewa. Anayeumwa anatumbukiza haragwe, asiyeumwa punje ya hindi. Ndoo ya kwanza ni ya swali pana, kama maumivu yanakujia na kurudi. Ya pili ni ya swali lililobanwa, miezi sita na zaidi na mkojo safi. Daktari anasema ukiuliza kwa upana unapata wengi mno, ukibana unawaacha wengine nje, kwa hiyo anataka hesabu zote mbili.

Hakuna jina, hakuna mwenyekiti. Safari hii useme kweli, dada.

Agape wako


Kisarawe
2 Septemba 2024

Agape,

Bwana asifiwe. Wajukuu wana mafua, mimi nadunda.

Nimetumbukiza maharage yangu mawili. Nimeyatupa kwa nguvu mpaka ndoo imelia. Na matokeo wametusomea shuleni: swali pana, wanawake kumi na tisa, wanaume tisa. Swali la kubana, wanawake saba, wanaume wanne. Wanne, Agape. Watu wazima na ndevu zao. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyemtazama mwenzake. Zablon yeye alitazama dari.

Sasa wewe uko ofisini. Nataka kujua hao wanne ni akina nani. Nina sababu ya kuuliza. Niandikie kuhusu jina moja tu, la Zablon, ndiyo au siyo.

Dada yako


Maili Moja
9 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Haragwe halina jina, ndiyo maana tulitumia maharage. Na hata lingekuwa nalo, nimeweka sahihi nikaapa kwa Biblia yako ile uliyonipa siku ya kipaimara. Usiniombe tena.

Agape


Kisarawe
4 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Nimenyamaza wiki tatu kwa sababu nilikukasirikia. Sasa nimepoa. Sihitaji tena jina kutoka kwako. Mwenye ugonjwa huu humjui kwa dodoso, unamjua kwa kiti.

Miaka yote wazee wa kanisa wanakaa mbele, wanatutazama. Tangu mwaka jana Zablon kahamia benchi la mwisho, lile lililobanana na ukuta, na anakaa ncha ya mlangoni. Akiulizwa anasema analinda pikipiki za waumini. Mimi pikipiki hizo nimeziangalia, hazina hata mwizi wa kuzitamani. Na kabla ya ibada hanywi chai, anazungusha kikombe tu. Kuzungusha kikombe ndiyo kazi yangu ya miaka saba, wewe.

Basi Jumapili tatu mfululizo nimewahi saa kumi na mbili na nusu, nikakaa kwenye ile ncha. Akija ananikuta. "Mama Helena, leo huku?" "Nalinda pikipiki, mzee." Anaingia ndani, ukutani, na kutoka hawezi mpaka nisogeze magoti. Jumapili ya kwanza alitoka mara mbili, ya pili mara tatu. Nilimpisha bila neno. Nilitaka azoee kuniomba.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya mavuno. Unajua mnada wetu baada ya ibada, kuku mmoja anauzwa nusu saa. Tumefika kwenye mkungu wa tatu wa ndizi, nasikia pumzi yake. "Mama Helena, nipishe." Sikusogea. "Unakwenda wapi?" "Nje." "Nje kuna nini?" Jasho linamtoka kama mtu anayepika ugali wa msiba. "Nipishe, nakuomba." Nikamwambia taratibu, "Sema unaumwa nini."

Akainama sikioni. "Kibofu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Vipimo vyote safi. Wamenitibu tezi dume, siyo."

Nikamuuliza, "Mwanamke gani alikupa?"

Macho yalimjaa machozi. Nilimhesabia kimoyomoyo Baba Yetu nzima, mpaka amina, ndipo nikasogeza magoti. Aliporudi nikamwambia, "Mimi sitakutangaza. Utajitangaza mwenyewe, palepale uliponitangaza, na umtaje baba Helena kwa jina. Vinginevyo nawahi kila Jumapili mpaka Yesu arudi."

Niambie nimetenda dhambi. Najua. Niambie tu.

Dada yako,
Kristina


Maili Moja
15 Oktoba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nilipofika kwenye lile swali lako la mwanamke nilicheka kwa sauti, halafu nikaweka barua chini nikalia. Wewe unayajua yale maumivu kuliko mtu yeyote, na ulimshikia magoti Baba Yetu nzima. Ni dhambi, ndiyo. Umeniomba nikuambie.

Ila nakwambia na lingine. Daktari Bundala aliuliza juzi mkutanoni kwa nini wanaume wamefichika kwenye hesabu miaka yote. Nilitaka kusimama nimweleze kuhusu pikipiki. Nikakumbuka kiapo, nikakaa.

Akisema, mpishe, dada.

Agape


Kisarawe
12 Novemba 2024

Mdogo wangu Agape,

Bwana asifiwe, tena nalisema kwa mdomo uliotoka Mezani. Mafua ya wajukuu yameisha. Nimekutumia mihogo, iloweke kwanza.

Jumapili ya juzi Zablon alipita mbele baada ya matangazo. Alishika mimbari kwa mikono miwili. Akasema, "Mimi ni mmoja wa wale wanne." Tukasikia mpaka kuku wa mwinjilisti nje. Akasema ugonjwa alionihukumia, naye anao, na hajui umetoka wapi, kama mimi nisivyojua. Akasema baraza lilinitenga kwa neno lake na neno lake lilikuwa uongo. Kisha akasema, "Ndugu Daniel, baba Helena, alikufa akiamini uongo huo. Nitakwenda kaburini kumwomba radhi." Alikwenda kweli. Nilimfuata kwa nyuma, nikamsikiliza neno kwa neno, asipunguze.

Baada yake wakasimama mama watatu, mmoja mmoja, bila kuitwa. Nikajua nao ni wa haragwe kama mimi.

Baraza likanirudisha palepale. Nilifurahi, sikufichi. Nilikwenda Mezani nikiwa na furaha isiyo nzuri, na mkate nikaumeza nayo hivyo hivyo. Mungu alijua anampa nani. Lakini jioni nilikaa na picha ya baba Helena nikamwambia, "Umesikia?" Na picha ni picha, mdogo wangu.

Uliniambia nimpishe. Nimekutii. Ile ncha ya mlangoni ni yangu, nayo naihitaji, kibofu hakikutubu. Yeye nimemwachia ncha ya benchi la upande wa pili, nayo iko karibu na mlango vilevile.

Ndiyo ile yenye msumari uliochomoza.

Dada yako,
Kristina