Tonge Ndani ya Leso

Ajiambo mjukuu wangu,

Huku Butula tumemaliza kupalilia, na mamako anakusalimu. Umeniuliza kama niliwahi kuogopa daktari. Sana! Nikiwa msichana kama wewe, chakula kilinishinda. Ugali niliuficha ndani ya leso, watu wadhani nimekula.

Nilienda kutibiwa mbali, Amagoro, nisijulikane. Kwenye foleni mama mmoja akanicheka: "Na wewe mzima hivi unaugua nini?" Nilitaka kurudi nyumbani, kisha nikakasirika. Nikaingia. Maneno yalipokataa kutoka, nilifungua leso nikaweka tonge mezani kwa daktari. Hakucheka. Alivuta kiti karibu. Nilirudi kwake mpaka nikapona.

Kesho nenda, Ajiambo. Wenye kucheka wacha wacheke huko nje. Wewe ingia.

Kukhu wako