Kwa Baba Korbinian: Ng'ombe Watashuka na Maua

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Septemba ulipokuwa ukimkamua ng'ombe wetu Zenzi huku ukipiga mluzi, kisha mluzi ukakatika. Mama alipoingia zizini moyo wako ulikuwa umesimama, na paji lako la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe.

Ulikuwa mtu wa kushukuru. Kila kiangazi kilipokaribia kwisha, vichaka vya beri vikiwa vyekundu na theluji ya kwanza imenyunyiza vilele, ulitoka kwenye kibanda chetu huku juu mlimani, ukavua kofia, ukasimama kimya. Mama, akikoroga jibini, alikupigia kelele: "Korbinian! Milima haikimbii, maziwa ndiyo yanaungua!"

"Njoo uone, mke wangu, bado ni bure!"

Hakutoka hata mara moja. Nawe ulicheka kuliko sisi sote.

Ndama wa jirani akiumwa, ulikesha naye kama wako. Ukirudi kutoka malishoni, mifuko yako haikukosa uyoga wa Mama, pamoja na udongo wake.

Mwaka jana ng'ombe walishuka nyumbani bondeni kwa majira ya baridi bila maua wala kengele kubwa, kama ilivyo desturi nyumba inapokuwa na msiba. Mwaka huu nyasi zilistawi na hakuna mnyama aliyeumia. Ilifaa tuwavike mashada ya shukrani, lakini Mama hakutaka kusikia.

"Maua ya nini? Nani awaone?"

"Majirani, Mama," alisema kaka Vinzenz.

"Majirani wana ng'ombe wao."

Tuliogopa. Tuliona kwamba akishuka hivyo, hatapanda tena huku.

Juzi alfajiri alitoka kuchukua kuni, akakawia. Tulipochungulia, alikuwa amesimama na kuni mikononi. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na jua lilikuwa linaanza kugusa nyasi zilizogeuka rangi ya shaba. Hatukuthubutu kumwita. Mwishowe aligeuka mwenyewe.

"We Vinzenz, umeota mizizi hapo? Kakate matawi ya msonobari! Na Zenzi apate shada kubwa kuliko wote, usiniletee ubahili wa kwa mkeo."

Wifi Afra ndiye aliyecheka kwanza.

Kesho watashuka wamepambwa, Baba, na kengele zao zote. Hatutakusahau kamwe: mkeo Notburga, mwanao Vinzenz na mkewe Afra, wajukuu wako Leni na Xaver, dada yako Kreszenz, nami bintiyo Walburga.

Nilimsomea Mama maneno haya, nikamwomba aongeze lake.

"Ongeza wewe, si ndiye msomi?" alisema, akaendelea kufunga utepe kwenye shada. Baadaye vidole vyake vilitulia.

"Haya, andika. Korbinian, huku juu ni kuzuri. Siku zote kulikuwa kuzuri, sikukwambia tu. Asante kwa kunileta."