Binti Yangu Ametupa Dawa Yangu ya Macho Chooni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usinielewe vibaya, mimi si mtu wa kuombaomba, mimi ni Mzee Wilfred wa Mgeta, kabichi zangu zinajulikana mpaka Dar, madereva wa malori wakifika huulizia za kwangu kwanza, na kwenye kupiga dawa ya wadudu vijana wote huku wananifuata nyuma mlimani wanahema. Sasa huyu binti yangu Eufrazia, niliyemlea peke yangu mama yake alipofariki, amechukua chupa yangu ya dawa ya macho akaitupa chooni mbele ya kikundi chetu cha kusaidiana mashamba, watu wanatazama, halafu ananiambia, "Baba, unajipofusha, na wenzako unawapofusha." Mimi? Dawa nilinunua dukani kihalali, ya kuondoa wekundu, maana macho yakiwa mekundu watu wa kigango, waumini wenzangu kanisani, wanasema mzee kalewa, na pombe niliacha zamani. Nikitia yanakuwa meupe kama ya mtoto, jioni yanarudi mekundu kuliko mwanzo, natia tena, mwaka wa pili huu natia, na tukimaliza kupiga dawa kila mwenzangu anapata tone lake kwenye chupa hiyohiyo, kwetu mwenye bomba la kupulizia hanyimi na mwenye dawa ya macho hanyimi, mwenzetu Stephano alipotoka tongotongo nani alimtibu, si mimi. Siku hizi jicho la kushoto lina ukungu kidogo na linauma, lakini Mgeta ukungu ni kawaida. Mwambie Eufrazia aniombe radhi mbele ya kikundi kilekile, na aniletee chupa nyingine.

Mzee Wilfred, Mgeta


Shikamoo, Mzee Wilfred. Barua yako imenikasirisha, na sitakuficha.

Ukungu wa Mgeta hauchagui jicho moja, baba. Jicho linalouma na kufifia ni la kupelekwa hospitali sasa hivi, wala usitie kitu kingine humo mpaka daktari alitazame.

Dawa ile hubana mishipa midogo ya damu. Ikiisha nguvu mishipa inatanuka zaidi, ndiyo maana jioni macho yanakuwa mekundu kuliko asubuhi. Ni ya siku chache tu, wewe umeifanya chai. Kama shida ni ukavu, kuna matone ya kulainisha jicho, muulize mfamasia, na hata hayo utanawa mikono kwanza na ncha ya chupa isiguse kope. Chupa ni ya mtu mmoja. Stephano ulimtia tone akiwa na tongotongo, kisha ukajitia wewe, kisha wengine, halafu unajisifu umetibu? Mmeambukizana kwa zamu. Najua ulifanya kwa moyo mwema, lakini gawaneni bomba, hayo macho kila mtu na yake.

Na sumu ya kuua wadudu ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka, robo saa nzima, halafu nenda zahanati. Vaa miwani ya kujikinga. Hao vijana wanaokufuata mlimani wanaiga kila unachofanya.

Watu wa kigango waache waseme umelewa. Hawatakusaidia kutafuta njia ya shambani siku jicho la pili nalo likigoma.

Eufrazia hakuombi radhi, mimi nimemkataza. Lori la kwanza la kabichi likishuka Morogoro, panda mbele na dereva, binti yako akae pembeni yako. Daktari akikuuliza umetia nini na kwa muda gani, usimjibu kwa sifa. Mwache Eufrazia aseme.