Kitongoji cha Wazee Wasiokunywa

Mtani wangu mpendwa, Daktari,

Wengine huwaandikia marehemu kwa unyenyekevu. Mimi siwezi, maana Mnyamwezi akikulilia kwa adabu utafufuka uje unicheke. Ninyi Wazaramo hamkawii! Nakuandikia kwa ajili ya baba mkwe wangu. Tangu tukuzike alikuwa amegoma kumeza dawa za presha, na mimi usingizi nikawa sipati.

Ulikuja hapa Puge kutafuta kwa nini wazee wengine wanazeeka wakiwa imara na wengine wanaangushwa na presha au sukari. Ulitaka kujua wanakula nini, wanatembea kiasi gani, wanakunywa nini, kisha uwalinganishe na wenzao wa Ng'ambo, kule Tabora mjini, wanaoshinda wameketi dukani au kwenye cherehani. Uliwaambia wainuke kwenye kigoda bila kushika kitu. Bibi mmoja aliinuka, akacheza, akakuambia ukae wewe sasa tukuone. Ulikaa, na kuinuka ikawa kazi. Tulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Uliniajiri niulize maswali kwa sababu nimesoma na ninaongea lugha ya nyumbani. Ulichosahau ni kwamba nimeolewa hapa. Kitongoji kizima ni wakwe zangu! Baba mkwe nilikuwa nazungumza naye nimepiga magoti, macho chini, tena kwa umbali. Leo nimuulize anakunywa pombe vikombe vingapi? Thubutu. Nikajaza mwenyewe kwenye fomu: hanywi. Kwa jirani yake nikajaza hanywi. Miezi mitatu mizima, hanywi, hanywi, hanywi.

Siku uliyozipitia zile fomu ulikuwa umekaa barazani kwangu unakula karanga. Uliacha kutafuna.

"Kitongoji kizima hakinywi? Na ile mitungi ya pombe ya wanzuki pale kwa jirani ni ya nani, ya mbuzi?"

Nilijua kazi imekwisha. Nililia, nikakueleza kila kitu. Daktari, bosi mwingine angenifukuza palepale, na angekuwa na haki. Wewe ulisema kosa ni lako, umenituma niwavunjie heshima wakwe zangu bila hata kuniuliza kama ninaweza. Zile fomu zote ukazipiga mstari. Nilikuomba uziache tu, nani angejua? Ukanijibu, "Utafiti wa uongo, mtani, afadhali karatasi zake zifungiwe vitumbua." Sijawahi kumwona mtu akiitupa miezi mitatu ya jasho lake kwa moyo mweupe namna ile. Nilikupenda siku hiyo, nakuambia leo.

Ukaazima baiskeli na kuanza upya, nyumba kwa nyumba, unauliza mwenyewe. Mtani haogopi mkwe wa mtu. Kwa baba mkwe ulifika ukasimama mlangoni na kumwambia, "We Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe unashindwa kubeba ukweli mpaka hapa mlangoni?"

Mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Mzaramo huyu atatuua! Haya, andika. Nakunywa kila siku, na siku ya mnada sihesabu."

Ukampima presha. Ukapima tena. Kisha ukamwambia, "Mtani, ubwabwa naupenda, lakini wa msiba wako sitaki kuula mapema." Akabisha kwamba haumwi popote, dawa ameze ya nini? Ulikuja kila mwezi kumgombeza. Akapunguza wanzuki, akapunguza chumvi, akameza vidonge, na miaka ikapita analima mwenyewe shamba lake. Mume wangu mpaka leo anasema ulimwongezea baba yake umri. Mimi nasema ulituonyesha jinsi mtu msomi anavyosikiliza.

Kisha ukaugua siku chache tu, ukaondoka. Mzee alipopata habari aliweka kidonge chake mezani. "Aliyeijua presha kaenda yeye, mimi nitabaki kwa ujanja gani?" Mume wangu akabembeleza, wapi! Wiki hii akaanza kulalamika kichwa kinamgonga na ganzi inampanda mkononi. Nikaogopa, Daktari. Nilikusikia mara nyingi ukieleza kiharusi kinavyoanza.

Leo mchana nikachukua mashine ya presha uliyoniachia nikaenda kwake. Nilipiga magoti kama kawaida, nikamwamkia, akaitika. Kisha nikamtazama usoni, jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe.

"Baba, nimekuja kukupima. Na nitakuuliza maswali."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Naogopa utakufa."

Nilidhani atanifukuza, na jioni ukoo mzima uwe unanijadili. Badala yake akakunja mkono wa shati. Nikaushika mkono wa baba mkwe wangu, mtani, mimi! Nikauliza pombe, nikauliza chumvi, nikauliza dawa. Akajibu yote bila kuzunguka, na majibu hayakuwa mazuri. Namba za mashine zikawa mbaya zaidi. Niliziandika daftarini kama zilivyosomeka, nikamwambia kesho asubuhi twende hospitali, nikamgeuzia daftari azione.

Akalitazama sana. Halafu akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa pakiti ya vidonge. Kumbe hakuvitupa.

"Lete maji," akasema.

Lala salama, mtani. Huku siku hizi nauliza mimi.

Mtani wako,
mkamwana wa yule mzee mbishi wa Puge